Kiraka Chekundu Kwenye Picha

Kila alasiri Ikra alipotoka shuleni, alikuta mitungi ikimsubiri kando ya bomba. Ilikuwa mitungi ya plastiki ya manjano, iliyorudi mitupu kutoka Nairobi na harufu kali ya maziwa yaliyolala. Mama yake, Habsa, alifanya biashara ya maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Gari kutoka Kulamawe, kwenye malisho ya ngamia, lilileta maziwa jioni. Yalimiminwa kwenye mitungi safi, yakawekwa stoo, na asubuhi yakapandishwa basi kwenda Nairobi kwa mnunuzi aliyeitwa Nafiso.

Kusafisha mitungi ilikuwa kazi ya Ikra. Aliiosha kwa sabuni na maji ya moto, kisha akaifukiza, kwa sababu maziwa ya ngamia hayakai vizuri kwenye mtungi usiopata moshi. Ilibidi awashe kuni, achukue kijiti chenye kaa jekundu, akizungushe ndani ya mtungi bila kugusa plastiki, afunge kifuniko, atikise, amwage majivu, kisha aanze mtungi mwingine. Macho yalimwasha. Moshi uliingia kwenye nywele na kwenye sare ya shule.

"Fungueni madirisha, Ikra Moshi ameingia!" Gumato, aliyeketi dawati la nyuma yake, alisema hivyo karibu kila asubuhi. "Leo umeiva ama bado uko mbichi?"

Darasa zima la gredi ya sita lilicheka. Ikra hakuwa msichana wa kujibu. Alifungua kitabu akainamisha kichwa.

Siku moja aliamua kwamba imetosha. Aliosha mitungi kwa maji baridi ya bomba, akafukiza miwili tu, akaitanguliza mbele ili stoo inukie moshi. Mama aliporudi kutoka banda la maziwa sokoni, alivuta pumzi mlangoni akasema, "Kazi nzuri." Kesho yake Ikra akafanya vivyo hivyo, na kesho yake tena.

Haukupita muda mrefu Nafiso akapiga simu, sauti yake ikisikika mpaka jikoni.

"Habsa, haya maziwa umenitumia ama ni siki? Yamekatika yote! Wateja wangu wawili wanaumwa tumbo!"

Mama alikaa chini kwenye mkeka. "Mtu anayatia maji machafu," alisema. "Mtu anaingia stoo yangu."

Ikra alitazama kucha zake.

Siku ya pili Abti Dualeh, kaka wa mama, alikuja na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. "Hii itakuwa askari wenu," alisema. "Kuna programu inayoigeuza kuwa kamera. Kitu kikitembea uani, inarekodi na kukutumia kengele kwenye simu yako, hata ukiwa sokoni."

"Na nani ataiweka?" Mama aliuliza. "Mimi Kiingereza changu ni cha salamu tu."

"Si Ikra yuko? Watoto wa siku hizi wanazaliwa wakijua password."

Basi Ikra mwenyewe akaiweka. Alipakua programu kwenye simu zote mbili, akaziunganisha kwa mtandao wa nyumbani, akaifunga ile ya zamani kwa waya kwenye nondo za dirisha, ikitazama uani, na waya wa chaji ukapitishwa ndani. Abti alipita mbele yake akipunga mikono. Simu ya mama ikalia, na picha ikaonyesha Abti akicheza kama mtu aliyekanyaga siafu. Wote watatu wakacheka.

Kicheko hicho hakikudumu. Programu ilishtuka kwa kila kitu. Kuku alipita, ikalia. Upepo wa Isiolo ulipeperusha nguo kwenye kamba, ikalia. Vumbi lilipozunguka uani, ikalia mara nyingi. Kule bandani wanawake wenzake walimtania mama: "Habsa, pokea! Kuku wako anakupigia tena!"

"Ikra, irekebishe," Mama aliamuru. "Nataka kuona watu. Sitaki kuona upepo."

Ikra alifungua mipangilio. Kwanza alipunguza wepesi wa kamera kushtuka. Kisha akakuta sehemu iliyouliza ni upande gani wa picha usichunguzwe. Ungeweza kuuchora kwa kidole, na ulipochorwa ulifunikwa na rangi nyekundu. Alifunika kamba ya nguo. Kidole chake kilitulia kidogo. Kisha kikaendelea, taratibu, kikafunika mlango wa jikoni, mafiga na bomba.

"Imekwisha?" Mama aliuliza.

"Imekwisha, Mama."

Kuanzia siku hiyo uani palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Ikra hakuonekana, nafasi ndogo kati ya mlango wa jikoni na bomba. Akitoka hapo hatua moja, simu ya mama ililia sokoni, na mara sauti ya mama ilitoka kwenye ile simu ya dirishani: "Unaenda wapi? Umemaliza?" Hakuweza hata kuchungulia langoni kuona wenzake wakiruka kamba. Alikaa kwenye kiraka chake akisuuza mitungi kwa maji baridi, mgongo ukigusa ukuta. Kisha aliibeba kwenda stoo mbele ya kamera, na mama akaiona kwenye simu. "Nimekuona ukifanya kazi," alimwambia jioni, akimpapasa kichwa. Ikra alihisi kama mkono ule unamchoma.

Maziwa yakakatika tena. Safari hii Nafiso alisema akipokea mabaya mara nyingine atanunua kwa mtu mwingine.

Mama alifungua rekodi. Moja ilikuwa ya asubuhi. Akolong, mwanamke wa Kiturkana aliyebeba mitungi yao hadi kituo cha basi, alikuwa ameinama mlangoni mwa stoo. Mkono mmoja ulishika kifuniko cha mtungi uliokuwa wazi. Mkono wa pili ulishika chupa ya maji. Hapo rekodi ikakatika.

"Akolong!" Mama alinong'ona. "Miaka yote hii!"

Hakungoja waonane faragha nyumbani. Alimwita bandani, mbele ya wanawake wote wa maziwa, akamwonyesha simu.

"Mama Ikra, kifuniko hakikuwa kimekazwa," Akolong alisema. "Maziwa yalikuwa yanamwagika. Nilifungua nikafunga tena. Hiyo chupa ni yangu ya kunywa."

"Kamera imekuona."

"Basi ingeniona nikifunga pia. Mbona imeishia hapo?"

Mama aliitia simu mkobani. "Usiguse mitungi yangu tena," alisema. Ikra alikuwa amesimama nyuma ya mama, begi la shule mgongoni. Alijua kwamba yeye ndiye aliyepunguza wepesi wa kamera, ndiyo maana mkono unaofunga kifuniko haukuishtua. Alijua zaidi ya hapo. Akolong alimtazama, kisha akainua kanga yake aliyoitumia kama kata ya kubebea mizigo, akaondoka.

Jioni hiyo Ikra aliapa moyoni kwamba atarekebisha mambo kimyakimya. Alichemsha maji. Aliosha kila mtungi kwa sabuni. Aliufukiza kila mmoja mpaka machozi yakamtiririka. Hakujali moshi. Alidhani maziwa yakiwa mazuri, hasira ya mama itapoa, na Akolong ataitwa.

Maziwa yalifika Nairobi yakiwa mazuri. Na siku iliyofuata pia.

"Mnaona?" Mama aliwaambia wanawake bandani. "Tangu Akolong aondoke, hakuna tone lililoharibika."

"Ushahidi gani tena?" mmoja alidakia. "Mimi pia nimemwambia asiguse mitungi yangu."

Ikra alisikia maneno hayo akahisi ua wote unamfungia. Akizembea, maziwa yataharibika na biashara ya mama itakufa. Akifanya kazi vizuri, kila mtungi safi utazidi kumfanya Akolong aonekane mkosaji. Usingizi ulimpotea na chakula hakikushuka. Mama alidhani ni homa, akamnunulia dawa.

Jumamosi alitumwa dukani. Karibu na barabara ya lami alimwona Akolong ameketi kwenye jua, akiuza vifungu vichache vya kuni. Mtoto wake mdogo, Ekeno, alikuwa amelala kwenye gunia pembeni.

"Shikamoo, Mama Ekeno," Ikra alisema.

Akolong alitazama huku na huku. "Marahaba. Nenda, mwanangu. Usisimame hapa."

"Nilitaka tu..."

"Nimesema nenda. Watu wakikuona na mimi watasema nimekupa kitu uende ukakitie kwenye maziwa. Siku hizi nikipita tu, watu wanafunika mitungi."

Ikra hakufika dukani. Alirudi nyumbani akikimbia, akamkuta mama anakunja nguo chumbani.

"Mama, naomba simu yako."

"Ya nini?"

"Nikuonyeshe kitu."

Alifungua mipangilio ya programu. Picha ya ua ikatokea, na juu yake kile kiraka chekundu.

"Hapa kamera haishtuki. Ulisema niondoe upepo. Niliondoa kamba ya nguo. Halafu nikaondoa na bomba, na mafiga, ili usinione. Nilikuwa naosha mitungi kwa maji baridi, Mama. Sikuifukiza. Nilifukiza miwili tu ya mbele. Maziwa ni mimi niliyaharibu. Mama Ekeno hajafanya kitu."

Mama alikaa kitandani juu ya nguo alizokunja.

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Shuleni wananiita Ikra Moshi."

"Na hukuniambia?"

"Hapana."

"Ungeniambia, tungetafuta njia. Ungefukiza ukiwa na dera kuukuu, ukaoga, sare ikabaki chumbani. Lakini wewe ulinyamaza. Watu wakaumwa tumbo kwa maziwa yangu, na mimi nikamfukuza mama wa watu." Alisimama, akajifunga mtandio. "Vaa viatu."

"Tunaenda kwa Mama Ekeno?"

"Tunaanzia bandani. Nilimwaibisha mbele ya watu. Siwezi kumsafisha mafichoni."

Bandani palikuwa pamejaa. Mama aligonga mtungi kwa kijiko mpaka wote wakageuka. "Binti yangu ana neno," alisema. "Na mimi nina langu baada yake."

Ikra, ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono, alisimama mbele ya wanawake wale wote. Sauti yake ya kwanza haikusikika. "Ongeza, tusikie!" mtu alisema. Akaongeza. Alisema juu ya maji baridi, juu ya ile mitungi miwili, juu ya rangi nyekundu. Alipomaliza, hakuna aliyecheka. Yule mwanamke aliyemkataza Akolong kugusa mitungi yake aliinama akaanza kupanga vifuniko vilivyokuwa vimepangwa tayari.

Kisha wakaenda barabarani, na wanawake wawili wa bandani wakafuatana nao. Mama hakumwita Akolong aje. Alikaa chini kwenye vumbi, karibu naye.

"Akolong, nilikukosea. Uliniuliza kwa nini rekodi imekatika, nami sikutaka kujua. Nisamehe. Kazi yako ipo, ukiitaka."

Akolong alimfunika Ekeno jua kwa ncha ya kanga. "Ulinijua kabla hujaijua hiyo simu," alisema. "Hilo ndilo liliniuma."

"Najua."

"Nitarudi. Lakini kama kamera inaniona mimi, iwaone wote. Wewe pia, Mama Ikra."

"Itatuona wote."

Akolong alimgeukia Ikra. Hakutabasamu, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Na wewe, siku nyingine ukiona mtu anasingiziwa, usimpe shikamoo. Sema."

"Ndiyo, Mama Ekeno."

Njiani kurudi, Ikra alimuuliza mama kama watang'oa ile simu dirishani.

"Tuing'oe kwa kosa gani?" mama alisema. "Kamera haina kosa. Inaangalia pale ilipoambiwa iangalie, na wewe ndiye uliyeiambia. Mimi nilikosa nilipoiachia kazi ya kuamua, kazi ambayo ni ya mtu mwenye akili na moyo. Ukificha kosa, Ikra, halikai mahali ulipolificha. Linatoka kwenda kumkamata mtu asiye na hatia. Ukiona umekosea, sema siku hiyohiyo, likiwa bado linakuhusu wewe peke yako."

Ikra aliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka kuitikia kwa kichwa, akasema kwa sauti, "Nimesikia, Mama."