Tone Kutoka Juu ya Kinga Yangu

Tone liliniangukia mudomoni.

Si kwenye shavu. Si kwenye nywele. Mudomoni, juu ya ulimi kabisa, nimeinua kichwa na kuachama kama mutu kwa daktari wa meno.

Nikalimeza.

Ndiyo, nililimeza… Musinikimbilie bado kwenye commentaires. Leo ni wiki ya tatu, na kila nikikumbuka nasukutua mudomo tena.

Naitwa Consolate. Niko hapa Bukavu, quartier Muhumba, na kazi yangu ni kutembeza mikate. Asubuhi saa kumi na mbili niko kwenye boulangerie, najaza casier, kreti ya mikate, nyuma ya kinga yangu, nagawa kwa maboutique mpaka Nyawera. Kinga ni baisikeli, nyinyi wa Dar na Mombasa. Kushuka naipanda, kupanda naisukuma, sababu huu muji uko milima tupu.

Bila kinga sina mikate. Bila mikate sina kitu. Muishike hiyo.

Nakaa étage ya kwanza, ghorofani. Mwenye nyumba, Papa Apollinaire, anaiita appartement. Ni chumba kimoja! Alikata salon ya zamani na mbao katikati, akaweka mulango, akaanza kuomba kodi. Ndiyo chumba, ndiyo salon, ndiyo cuisine.

Sasa niambieni, kinga utaiweka wapi humo?

Chini uani, kwenye parcelle, wanaiba. Mwaka jana waliiba kamba ya kuanikia nguo pamoja na nguo zake. Kwenye couloir Papa Apollinaire aliandika na chaki ukutani: HAPA SI GARAGE. Basi nilikuwa nalala nayo ndani, guidon inanichoma mbavu, na asubuhi naruka pédale ili nifike kwenye mbabula niwashe makaa.

Siku moja nikaona video kwenye téléphone. Mutu amefunga kinga yake juu darini, kwenye plafond, na kamba. Chini yake watu wanakula.

Nikasema, hii ni ya kwangu.

Fundi nilipewa na Maman Madeleine, voisine wangu wa juu. Huyu si jirani tu. Tulikuwa tunasali Rozari pamoja. Mutoto wake wa mwisho, Bienfait, ni mimi marraine wake, mama yake wa batiso. Siku ya batiso nilinunua pagne moja ya kitenge, ya bluu yenye ndege za manjano, nikaikata mbili, nusu nikamupa Maman Madeleine, nusu nikashona yangu. Sisi tulikuwa hivyo.

"Ezéchiel ni fundi wa kweli," aliniambia. "Hata kwangu alifanya kazi safi."

Kazi gani, sikuuliza.

Ezéchiel akakuja, akaweka poulie mbili, vigurudumu vya kupitisha kamba, na kamba yenyewe. Unavuta, kinga inapanda pole pole mpaka karibu na plafond. Plafond yangu ni ya triplex, zile mbao nyembamba za kufinika. Kamba unaifunga kwenye musumari kando ya mulango, na chini unabaki na nafasi yako. Siku ile nikaweka meza, nikakula fufu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, chini ya magurudumu mbili. Nilijiona minister.

Kitu kimoja tu. Ezéchiel alitaka kutundika upande wa dirisha.

"Upande wa dirisha iko kitanda yangu, papa. Weka hapa kwenye kona."

Akaangalia kona. Akaniangalia. Akakuna kichwa.

"Hapa mbao yake haiko muzuri."

"Basi weka vis ndefu."

Akaweka vis ndefu, zile misumari za kuzungusha.

Siku ya ine, harufu ikaanza.

Kwanza nikafikiri ni sambaza imeangukia nyuma ya kitanda. Nikatosha kitanda, nikafagia, nikapangusa, hakuna. Kesho yake ikarudi na nguvu zaidi. Harufu nzito, ya tamu tamu, ile inayokaa kwenye blanketi na kwenye nywele. Nilikuwa nakunywa chai na mukono moja, mukono ingine imefunga pua.

Halafu ikaingia kwenye mikate.

Maman Rosalie, mwenye boutique ya Nyawera, alichukua mukate moja, akauleta kwenye pua, akaurudisha ndani ya casier na vidole mbili.

"Consolate, mikate yako inanuka choo."

Alisema mbele ya wateja watatu. Nilitaka ardhi inifunike.

Ndani ya wiki moja maboutique matatu yaliniacha. Mukubwa wa boulangerie akaniita kando. "Nikisikia malalamiko tena," akasema, "natafuta mutu mwingine wa kutembeza."

Nikapanda kwa Maman Madeleine nikilia. Akanikumbatia.

"Ma chérie, nilikuwa naogopa kukuambia. Ni ile kinga. Siku muzima inakanyaga uchafu ya barabara, mangaribi unaitundika juu ya chakula yako. Itaacha kunuka namna gani?"

Na mimi nikaamini! Si harufu ilianza kinga ilipopanda? Nilisugua pneus na brashi ya meno, rayon moja moja. Nikapangusa chaîne mpaka mikono ikapasuka.

"Uniachie ufunguo," akasema. "Ukienda kazi nitakuwa nasafisha na Javel kwako. Wewe unachoka sana."

Muone upendo huo.

Nikamupa ufunguo. Na kweli, siku ya kwanza tu harufu ikapungua. Siku mbili nikapumua. Nikaanza kumupelekea mikate mbili kila mangaribi, za aksanti. Siku ya pili nilikuta casier yangu ya akiba imegeuzwa chini juu, na alama ya kiatu juu yake. Nikafikiri aliipandia ili afikie utando wa buibui. Nikamushukuru tena, mujinga mimi.

Siku ya tatu harufu ikarudi.

Ndipo tone.

Ilikuwa asubuhi, nashusha kinga, naangalia juu ili isigonge lampe. Tone likaingia. Chumvi, na kitu kingine chenye sitakitaja sababu kuna watu wanasoma huku wanakula. Nikakimbia kwenye ndoo nikatapika mpaka macho yakatoka machozi.

Nikapanda juu.

"Maman Madeleine, kwako kunamwagika maji?"

"Kwangu? Robinet haijatoa maji tangu juzi. Ni mvua ya jana, ma chérie. Kinga yako ililowa."

Ni kweli mvua ilinyesha. Nikamueleza lile tone.

"Na ulilimeza?"

"Nililimeza."

Akafunga mudomo na mukono. Mabega yakamutetemeka. Nikafikiri ananilia huruma… Haki ya Mungu, nilimubembeleza. "Usilie," nikamuambia.

Alikuwa anacheka.

Siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa, Papa Apollinaire akaitisha réunion ya locataires, wapangaji wote. Wapi? Ndani ya kile chumba changu. Walikuwa watu saba. Maman Madeleine alipita mulango kwa mulango, akasema mimi nitawaletea watu wote kolera.

Nilikuwa nimevaa nguo yangu nzuri, ile ya bluu ya ndege za manjano. Nilitaka nionekane mutu safi.

Papa Apollinaire, na costume yake ya kanisa, akakaa kwenye kiti cha kona. Wengine wakakaa kwenye kitanda. Maman Madeleine akabaki wima kwenye mulango.

"Kaa hapa kwenye kona, kando ya papa, maman," nikamuambia. "Kiti iko."

"Hapana, ma chérie. Niko na tension, natafuta hewa."

Wiki zote hizo, akija kwangu, hakukaa hata mara moja kwenye kona ile. Niliona siku ile, na bado sikuelewa.

Papa Apollinaire akakohoa.

"Consolate, sina maneno mingi. Kinga itoke, ama wewe na kinga mutoke, mwisho wa mwezi. Nyumba yangu haiwezi kunuka hivi."

Kinga itoke iende wapi? Chini iibiwe? Niliona boulangerie inaniponyoka. Niliona nikirudi kwa mama yangu kule Kasha, mikono mitupu, watu wakisema ni juu ya uchafu.

"Papa," nikasema, "mbele ya kunifukuza, nusa kinga. Nitaishusha hapa mbele yako. Kama ni yenyewe inanuka, natoka leo. Sitangoja mwisho wa mwezi."

Nikaenda kwenye musumari kufungua kamba.

"Acha," Maman Madeleine akasema. "Acha ikae tu pale. Tunanusa kutokea hapa."

Watu wakamugeukia. Huyu aliyetaka kinga itoke kabisa, sasa anataka ikae juu?

Nikafungua.

Kinga ikashuka nusu, ikakwama. Nikavuta. Ikakataa. Nikavuta na hasira yangu yote ya siku zile… na ile vis ndefu ikatoka na mbao yake, na plafond ikafuata. Triplex ilikuwa imelowa, imekuwa laini kama mukate ndani ya chai. Ikashuka kipande kizima. Nyeusi. Na minyoo nyeupe ikitembea juu yake, moja ikaanguka kwenye kola ya Papa Apollinaire.

Mutu moja akatapika pale pale juu ya kitanda yangu.

Mimi nilikuwa naangalia juu.

Kule ndani, chini ya mbao za nyumba ya Maman Madeleine, kulikuwa na tuyau, bomba ya plastiki, inapita juu ya kichwa yangu, juu ya meza yangu, juu ya mikate yangu, inatokea ukutani. Imetobolewa na vis. Na pale penye tundu kulikuwa kumefungwa kitambaa.

Cha bluu. Chenye ndege za manjano.

Chumba kizima kikaangalia kitambaa, kikaniangalia mimi.

"Si pagne yake hiyo?" Maman Madeleine akasema mbio mbio. "Amefunga yeye mwenyewe. Muone nguo yake."

"Yangu nimeivaa," nikasema. "Haina hata tundu. Leta yako tuione."

Na mimi nikakumbuka casier. Alama ya kiatu. Ufunguo.

Alikuwa anaingia kwangu, anapanda na viatu juu ya casier ya mikate, anasogeza triplex, anafunga tundu ya tuyau ya choo yake na zawadi yangu ya batiso. Halafu anashuka, anamwaga Javel kidogo, na mangaribi anapokea mikate mbili.

"Ile ni tuyau ya zamani," akasema. "Haitumiki. Ni ya Wabelgiji."

"Madeleine," Papa Apollinaire akasema, akijitosha munyoo kwenye kola, "étage yako ya juu niliijenga mimi, si Wabelgiji. Na choo niliweka moja tu, chini kwenye parcelle."

"Haitumiki, papa, ninaapa."

Ndipo tukasikia miguu juu yetu.

Ni Stanislas, bwana yake. Hakuenda misa, tumbo ilikuwa inamusumbua tangu jana. Tukasikia anasimama. Tukasikia ndoo ya plastiki inakokotwa kwenye mbao…

Sote tuliangalia juu, kisha tukamuangalia Maman Madeleine. Uso ulikuwa umekufa. Akafungua mulango, akatoa kichwa kwenye ngazi, akapiga kelele na nguvu zote:

"Papa Bienfait, usimwage!"

Akamwaga.

Sitawaelezea kilichotoka. Nusu ilimupata Papa Apollinaire kwenye bega ya costume, nusu ilijaza casier. Huyu muzee ambaye huwa anasema hata kwenye kilio, siku ile alitoka bila neno, akashuka ngazi akiwa amefungua mikono ili isimuguse mwili.

Kesho yake ile choo ya siri ya Maman Madeleine ikabomolewa.

Ezéchiel nikamutafuta. Hata aibu hakuwa nayo. Alijua tuyau iko pale, aliiweka yeye. Vis ilipoingia aliisikia. Mangaribi ile ile alimuambia Maman Madeleine.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi hukuniambia kwa nini?"

"Wewe uliniita juu ya kinga," akasema. "Choo ni yake."

Mutu mwenye alikunywa chai kwenye kikombe changu.

Na Maman Madeleine, munajua alisema nini mbele ya watu? "Ningefanya nini? Ningesema, wangenibomolea. Ningeanza tena kushuka ngazi na kupanga mustari na watu wote chini." Ni hiyo tu! Juu ya ngazi kumi na sita, mimi niitwe muchafu, nipoteze kazi, nifukuzwe, nimeze.

Kinyaa niliyopata ya minyoo haifiki ile niliyopata ya yeye.

Bado nakaa pale. Kinga sasa iko upande wa dirisha, imesimama ukutani kwenye ndoano moja, gurudumu ya mbele juu, na kitanda nilikigeuza. Inakula nafasi ndogo kuliko zamani. Casier nilizitupa zote, nikanunua mpya. Boutique mbili zilirudi. Maman Rosalie pia alirudi, lakini kila mukate anaupeleka kwanza kwenye pua, na mimi nasimama pale nangoja amalize.

Juzi mulango ukagongwa. Maman Madeleine, na kicheko chake.

"Ma chérie, siku hizi mikate ya mangaribi umenisahau?"

Nilifunga mulango pole pole. Kitasa nilikibadilisha zamani.

Wapenzi, mimi sina mashauri mingi. Mutu akikuambia kila siku kwamba kwako kunanuka, na yeye ndiye wa kwanza kuomba ufunguo akusafishie, mbele ya kushika brashi inua kichwa uangalie nani anakaa juu yako.

Ila ukiinua… funga mudomo.