Maji ya Harusi ya Samia

Mwanaima wa Nambambo alikuwa na furaha na hofu pamoja. Kesho binti yake, Samia, anaolewa. Mchele umeshachaguliwa na kuni zimepasuliwa. Lakini kisima kimekauka, na maji yaliyoletwa kutoka lamboni, kwenye bwawa la kijiji, yana rangi ya chai ya maziwa.

Wakwe wa Chinongwe wakifika, kitu cha kwanza ni kupewa maji. Basi Mwanaima akatia dawa ya maji kwenye ndoo. Maji yakabaki vilevile. Akatia tena na tena. Mumewe, Hassani, akaonja, akatema.

"Mama Samia, haya ni ya kunywa au ya kufulia?"

Mwanaima akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. Aliogopa kuaibika mbele ya wakwe, tena siku ya mwanawe.

"Hodi!" Alikuwa jirani yao Dafrosa, amewaletea sufuria kubwa. Dafrosa anafanya kazi kwenye mtambo wa maji mjini. Akanusa ile ndoo.

"Shikamoo, mama Samia. Umetia dawa kiasi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeona maji machafu, nikasema dawa nyingi itayaweza."

"Wengi tunakosea hapo. Dawa inaua vijidudu, haiondoi tope. Ikikutana na uchafu wa majani yaliyooza, nguvu yake inaishia humo. Tena hutokea kemikali nyingine, na kuzinywa miaka mingi si salama."

"Basi niache dawa?"

"Hapana! Wageni wataharisha harusi nzima. Toa uchafu kwanza, dawa baadaye. Hata mtamboni, maji yakija machafu sana tunaongeza shabu, yale mawe meupe ya kugandisha tope, kwa kupima. Uchafu ukishuka, ndipo tunatia dawa."

Ile ndoo ikamwagwa. Shabu ikanunuliwa dukani, ikapondwa na kuyeyushwa kwenye kikombe. Dafrosa akajaza maji ya lambo kwenye glasi tatu. Ya kwanza akaitilia shabu kidogo, ya pili zaidi, ya tatu zaidi ya hapo. Akakoroga upesi, kisha polepole. Wakasubiri. Ya kwanza ilibaki na tope. Ya pili na ya tatu zikang'aa.

"Tufuate ya pili," alisema. "Shabu nayo haizidishwi."

Wakafanya hivyo kwenye ndoo ya maji mengine ya lambo, kwa kipimo kilekile. Uchafu ukagandana, ukazama chini. Baada ya saa moja wakachota maji ya juu taratibu, wakayachuja kwa kitambaa safi. Ndipo wakatia dawa, kama pakiti ilivyoelekeza, wakafunika nusu saa.

Kesho yake Mwanawetu, mama wa bwana harusi, akapokea kikombe. Mkwe akanywa, akanywa, akamaliza.

"Niongeze, mkwe wangu. Mmechimba kisima kipya?"

"Maji ya lambo hayo!"

"Ya lambo? Basi huyu binti asije kwangu bila kujua siri ya maji haya!"

Vigelegele vikapasua uwanja, na cha Mwanaima kilivizidi vyote. Jioni Samia aliondoka na sanduku la kanga. Juu ya kanga mama yake alikuwa ameweka kipande cha shabu na pakiti ya dawa ya maji.