Vigawo vya Namba ya Ukutani

Maiti ilikuwa imekaa sakafuni nyuma ya mlango, jasho limemkaukia shatini hadi likaacha michirizi ya chumvi. Hilo ndilo lililomkera Inspekta, maana chumba chenyewe kilikuwa baridi hadi meno yanagongana.

"Mtu anatokaje jasho humu?" aliuliza.

"Labda homa, afande," alisema Koplo, mtu wa majibu ya haraka.

Marehemu alikuwa profesa wa hesabu, miaka sitini na minane, moyo mbovu. Kompyuta arobaini zilinguruma kwenye rafu. Kuta nene, hakuna dirisha. Mlango ulifungwa kwa komeo la nje, kwa sababu ukiachwa hivi hivi ulifunguka wenyewe na baridi ikavuja. Kwa ndani hapakuwa na hata kitasa. Mtu akikukomea humo, imekula kwako.

Daktari wa polisi aliinuka, akavua glavu. "Joto na moyo. Jana, kati ya saa saba na saa nane mchana."

"Joto gani, daktari, na sisi hapa tunatetemeka?"

"Hilo lako. Langu nimemaliza."

Aliyemkuta asubuhi hiyo alikuwa msaidizi wake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, macho mekundu. Alikaa kwenye meza yake nje ya chumba cha mitambo. Ukutani nyuma yake palibandikwa karatasi ndefu yenye mistari na mistari ya tarakimu.

"Hii ni nini?"

"Kazi yetu. Ni namba moja hiyo, tarakimu mia mbili na arobaini. Imetokana na namba mbili tasa, zile zisizogawanyika, zilizozidishwa. Hizo mbili ndizo vigawo vyake. Programu yetu inavitafuta."

"Kuzidisha si dakika moja?"

"Kuzidisha, ndiyo. Kurudi nyuma ndiyo kasheshe. Changanya unga wa ngano na wa mahindi, afande, halafu nikuambie utenganishe."

"Mmevipata?"

"Bado. Huu mwaka wa saba."

"Na vikipatikana?"

"Napata cheti changu, naenda kwa mwanangu. Nilimwacha kwa mdogo wangu ana miezi kumi. Profesa alisema bila vigawo hakuna cheti. Kila mwaka ananiambia tumekaribia." Akajirekebisha. "Alikuwa ananiambia."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Niliondoka saa tano na nusu, kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilimwacha na fundi wa viyoyozi."

Fundi aliletwa, bisibisi ingali sikioni.

"Mimi tena? Haki ya nani vile! Nilisafisha kichujio, saa tano na robo nikaenda zangu. Kiyoyozi kizima kabisa. Njoo uone, mkubwa, hizi mashine zinajiandikia joto kila dakika."

Alibonyeza, orodha ikajitandaza kwenye skrini. Saa sita na dakika tano, nyuzi kumi na nane. Saa saba, nyuzi arobaini na moja. Saa nane kasorobo, hamsini na tatu. Kisha saa nane na robo joto likaanza kushuka.

"Kilizimwa, kikawashwa," fundi alisema. "Swichi ile pale nje, karibu na komeo."

"Na nani?"

"Kiyoyozi hakiandiki majina."

"Lakini wewe unaijua swichi," Koplo alidakia, na pingu akazitoa. Fundi alianza kuapa kwa kila kilichomjia mdomoni. Wakamkalisha kwenye gari.

Inspekta hakuridhika. Fundi angemuua mzee wa watu kwa lipi? Alirudi mlangoni. Palining'inia karatasi ya joto, ambayo msaidizi alijaza kila saa kwa mkono. Mstari wa mwisho wa jana ulikuwa wa saa tano. Pembeni yake, kwa penseli, paliandikwa: 7, 4, 1, halafu tiki.

Alimpigia mkewe, mwalimu wa hesabu shule ya msingi.

"Mama watoto, saba, nne, moja, halafu tiki. Ni nini hiyo?"

"Yaani unanitoa darasani kuniuliza saba na nne?"

"Kazi, mama. Nisaidie."

"Saba mara nne ishirini na nane. Mbili na nane, kumi. Moja na sifuri, moja. Si kutoa tisa hiyo? Ukizidisha namba mbili ndefu na unataka kuhakiki jibu, unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja. Unazidisha hizo, unaona kama zinalingana na za jibu. Hata wewe ulifundishwa, sema ulikuwa unachungulia dirishani."

"Na mtu mwenye jibu peke yake anaweza kufanya hivyo?"

"Atazidisha nini na nini, baba? Lazima awe nazo zote mbili mkononi."

Inspekta alisimama mbele ya karatasi ya ukutani, akaanza kujumlisha kwa kidole. Alipotea mara mbili, akatukana polepole, akaanza upya. Jumla ikaja elfu moja themanini na moja. Moja, sifuri, nane, moja: kumi. Kumi ikawa moja.

Kituoni alimkalisha msaidizi kwenye kiti cha mbao, akaweka karatasi ya joto mezani.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Saba ni ya nini?"

"Hesabu tu za kupoteza muda."

"Uliniambia vigawo bado. Saba mara nne inaangukia moja, na ya ukutani ni moja. Nimeihesabu mara tatu, jicho linaniuma."

"Inaweza kuangukia moja kwa bahati."

"Inaweza. Basi mtaalamu wetu afungue kompyuta yako, atafute namba mbili ndefu. Fundi yuko ndani. Ana watoto, anawalilia. Tumwache humo wakati tunatafuta?"

Alifumba macho.

"Mwacheni fundi," alisema. "Maskini hana kosa."

"Ehe."

"Jana saa tano nilikuwa nafuta mafaili ya zamani, diski ilikuwa imejaa. Nikakuta moja lina vigawo viwili. Nilidhani naota. Nikashika karatasi iliyokuwa karibu, nikapima. Ndivyo tulivyozoea, mkono unakwenda wenyewe. Zikalingana. Afande, nilicheka kwa sauti! Halafu nikaona tarehe ya lile faili."

"Tarehe gani?"

"Ya miaka mitatu iliyopita."

Koplo aliacha kuandika.

"Miaka mitatu! Programu ilimaliza, akaficha majibu, akairudisha itafute palepale ilipokwisha kupita. Na mimi kila asubuhi nakimbilia skrini kama mwehu."

"Ulimuuliza?"

"Nilisubiri fundi aondoke, nikamfuata ndani. Hakukana. Aliniambia, 'Binti yangu, ukienda, mimi nitabaki na nani?' Basi. Akaendelea kufuta miwani yake."

"Ukafanyaje?"

"Nikatoka, nikakomea, nikazima baridi. Nilitaka aonje kukaa mahali ambapo kufunguliwa kunategemea moyo wa mtu mwingine."

"Alibisha?"

"Alibisha. Kwanza kwa hasira. Baadaye kwa adabu. Baadaye akaacha."

"Na wewe?"

"Nilikuwa hapo mezani. Kila nikisimama nakumbuka miaka mitatu, nakaa tena. Alipokuwa kimya muda mrefu nikawasha baridi, nikaenda nyumbani." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniua."

Fundi alifunguliwa, akaondoka bila kungoja lifti ya gari la polisi. Msaidizi alisaini maelezo yake. Inspekta alimruhusu simu moja, na kwa kanuni ya kituo akaiweka isikike kwa wote.

"Haloo?" Sauti ya mtoto.

"Haloo, mwanangu. Ni mama."

"Mama ameenda dukani. Wewe nani?"

"Mama mkubwa," akasema msaidizi.

"Aa, mama mkubwa! Shikamoo!"

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama anasema ukimaliza hesabu zako utakuja. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kwa hiyo unakuja?"

Inspekta aliinamia faili lake ingawa hapakuwa na cha kusoma.

"Mama akirudi," alisema msaidizi, "mwambie mama mkubwa alipiga." Akamrudishia Inspekta simu kabla mtoto hajauliza tena.