Ingia Bila Hodi

Asubuhi hiyo Najat alikuta ukutani picha ambayo hakuitundika yeye.

Sebule yake ya Nyakato alikuwa ameigeuza ukumbi wa maonyesho, baada ya kuchoka kuona wachoraji vijana wa Mwanza wakizungusha kazi zao mahotelini na kuambiwa warudi kesho. Makochi yalihamia uani, majirani wakacheka mpaka wakachoka wenyewe. Mlangoni akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: MSANII USIYE NA PAHALI, INGIA BILA HODI. HAPA NI KWAKO. Maskini, aliona amesema jambo zuri.

Picha ilikuwa mbichi, inanuka tope la ziwani. Aliyechorwa alikuwa Obedi, kijana ambaye maonyesho yake ya kwanza kabisa yangefunguliwa Jumamosi. Lakini haikuwa imekamilika. Ulichorwa mkono wake wa kulia tu, wenye kovu lake la kidoleni, na pembeni peupe.

"Umejichora?" alimuuliza Obedi alipofika.

"Mimi? Hapana, dada." Obedi akacheka, akachukua brashi amalizie kazi yake. Ikaanguka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akaitia kwenye ule wa kulia, ikaanguka tena. "Dada Najat," akanong'ona, "mkono siusikii."

Waliibeba ile picha wakaitupa jalalani. Waliporudi waliikuta ukutani, na sasa ilikuwa na bega.

Maalim Muharami aliitwa, akaja mchana na chetezo chake.

"Shikamoo, maalim," alisema Obedi, sauti imeanza kumkauka.

"Marahaba, mwanangu. Kaa karibu na mlango."

Maalim akafukiza udi, akasoma, na kila alipovuta pumzi ilisikika brashi ikikwaruza turubai, polepole, brashi ya mtu asiye na haraka kwa kuwa yuko nyumbani kwake, na harufu ya tope ikapanda mpaka ikaufunika udi, shingo ikatokea pichani, kidevu kikafuata, huku Obedi akijishika koo na Najat akimshika Obedi, asijue amshike wapi ili asiendelee kuchukuliwa.

Maalim aliacha kusoma. Akatoka nje, akasimama mbele ya yale maandishi.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi."

"Mimi nawatoa walioingia kwa nguvu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu umemkaribisha. Na nyumba ukampa."

"Nilisema wasanii, maalim!"

"Na yeye anachora. Pahali hana. Umemwambia ni kwake."

Najat akachukua kisu akaukwangua mlango, analia kwa hasira, mpaka nyekundu yote ikaisha na mbao ikabaki nyeupe. Ndani, brashi iliendelea.

"Sasa nifanye nini?"

"Piga hodi kama mgeni. Akikukaribisha, muombe akurudishie kijana." Maalim alikuwa ameshavaa viatu vyake. "Zaidi ya hapo, binti yangu, sina."

Basi Najat akasimama nje ya mlango wake mwenyewe, Obedi kando yake, kamng'ang'ania kwa ule mkono uliobaki. Brashi ikanyamaza.

"Hodi?"

"Karibu, dada Najat," akajibiwa kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya Obedi. Najat akageuka. Obedi alikuwa palepale ubavuni kwake, kinywa wazi, machozi yanamtiririka, anajitahidi kusema, na hakuna kilichotoka.