Pipi Katika Kikombe cha Tatu

Kila nikitoka shule huwa nateka maji, nawasha moto, kisha namwangalia mdogo wangu Lekishon, mwenye miaka minne, hadi Mama arudi kutoka kuuza maziwa. Siku ile nilikuwa na hamu ya kurudia jaribio la Mwalimu Stefania. Alikuwa ametuonyesha kwamba pipi huyeyuka upesi kwenye maji ya moto kuliko kwenye maji baridi. Mimi, kwa kimbelembele changu, nikataka kujaribu kitu ambacho hata Mwalimu hajakijaribu.

Chini ya kitanda cha Baba kulikuwa na chupa ya soda yenye dawa ya kupe, tayari imechanganywa na maji ya kunyunyizia ng'ombe. Nilijua ni sumu, na Baba alikuwa ametukataza kuigusa. Nikapanga vikombe vitatu jikoni: maji baridi, maji ya moto na ile dawa. Nikatumbukiza pipi nyekundu katika kila kimoja, nikatoka kuchukua daftari.

Jamani! Dawa ile ikichanganywa na maji huwa nyeupe pe. Huku kwetu Kwaluguru, mtoto wa mfugaji akiona kitu cheupe kikombeni hana haja ya kuuliza, anajua ni maziwa. Niliporudi, Lekishon alikuwa ameshika kikombe cha tatu kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa myeupe.

"Mbaya," alisema, akakunja uso.

Nilimpokonya, nikamwaga iliyobaki, nikakisugua kikombe kwa majivu. Nikajidanganya kwamba amelamba tu.

Mama alimkuta ametapika, amelegea, haamki hata akiitwa.

"Naanyu, mtoto amekula nini?"

"Pipi tu, Mama."

Tulipanda bodaboda moja sote, mshikaki, hadi kituo cha afya. Daktari Benedicto alimpima, akakunja uso.

"Moyo unapiga polepole mno. Amekula au amekunywa nini?"

"Pipi tu, daktari," Mama alijibu.

Uongo wangu ulikuwa sasa unasemwa na Mama. Daktari aliagiza apimwe malaria. Nilimtazama Lekishon, pumzi zake zinakuja moja moja, nikaona kabisa kwamba anakufa.

"Amekunywa dawa ya kupe!" nilipiga kelele. "Niliiweka mimi kikombeni!"

Mama alinigeukia. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Saa ngapi? Kiasi gani?" daktari aliuliza.

"Saa tisa. Nusu kikombe."

Ilikuwa imekaribia saa kumi na moja. Wakamwekea oksijeni na dripu. Baba akapigiwa simu alete ile chupa ya soda na kopo la dukani lenye jina, ili daktari aijue dawa yenyewe. Usiku kucha na kesho yake hatukujua kama atapona. Siku ya tatu asubuhi alifumbua macho, akamwita Mama. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu.

"Ungeendelea kunyamaza," daktari aliniambia, "ningemtibu malaria huku sumu inamuua." Kisha akamgeukia Baba. "Nawe mzee, sumu haikai kwenye chupa ya kinywaji."

Baba aliniketisha karibu naye.

"Mwanangu, tumekosa wote wawili. Mimi niliweka sumu kwenye chupa ya soda, wewe ukaitia kwenye kikombe chetu, halafu ukaficha. Kujaribu mambo nakuruhusu, lakini mbele ya mtu mzima. Na ukiharibu, sema papo hapo. Maumivu ya kiboko huisha. Mtoto akifa, harudi."