Injini Iliyomeza Leso

Fundi Sikio alifika kwenye uwanja wa vyuma chakavu jua limebakiza upana wa kiganja. Alikuwa anatafuta injini. Fundi kutafuta injini si ajabu, ni kama kuku kutafuta punje. Ila huyu alitafuta kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

Jina la Sikio alipewa na kazi yake. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akakutajia ugonjwa ulipo. Na ugonjwa aliokuwa anausikia siku hizo haukuwa wa gari. Mkewe alikuwa mwezi wa tatu kitandani, moyo umechoka. Mpigo mmoja, wa pili, wa tatu... halafu unaruka, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Sikio aliujua mpigo ule kwa kulalia kifua kile miaka ishirini na sita.

Wa kumpasua alikuwa mmoja tu, Dokta. Na Dokta alikuwa na gari lake: jekundu, la michezo, viti viwili, kongwe kuliko fundi mwenyewe, bloku ya injini imepasuka kama mtungi. Daktari wa mioyo huyo, wa kwake sijui aliuacha kabati gani.

"Fundi," alimwambia, "Jumamosi nina maonyesho ya magari ya zamani. Nitilie injini ya kisasa, na Jumatatu mimi nampasua mkeo. Ukichelewa, foleni ni ndefu."

Alisema huku anacheka. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Muuza vyuma alikuwa ameketi juu ya tairi. Sikio hakuwahi kumwona. Mikono yake ilikuwa safi, safi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Muuza vyuma gani hana hata weusi wa kucha? Swali hilo lilipita kichwani mwa Sikio, na yeye akaliacha lipite.

Alioneshwa tatu. Ya kwanza ilikuwa na nguvu za kuvuta nyumba, lakini ndefu. Boneti la gari lile lisingefunga. Ya pili ya dizeli, nzito. Pua ya gari ingeinama kama mtu anayeokota sindano. Ya tatu ilikuwa ya alumini, silinda nne, fupi, nyepesi, kompyuta yake na waya zake zote zimefungwa vizuri pembeni.

Akaigusa.

Ilikuwa ya moto.

"Mbona ina joto? Haina betri. Haina mafuta."

"Imetoka kutumika," yule mtu alinong'ona.

Aliyemfundisha Sikio kazi alimpiga kofi siku ya kwanza ili asisahau: injini ya mtumba ishike ikiwa baridi, ya moto imeshapikwa ifiche ugonjwa. Hakusahau. Aliikumbuka kanuni, akamkumbuka na mkewe, akachagua.

"Unataka nini kwa hii?"

"Utalipa siku utakayoizima."

Kwa akili yake iliyochoka, Sikio alidhani ni mzaha wa wauza vyuma. Wakaipakia kwenye pikapu. Kama fundi yeyote, alitaka kuziba mdomo wa injini, ule wa kuvutia hewa, vumbi lisiingie njiani. Alipapasa mifuko, hakuwa na kitambaa. Alikuwa na leso tu. Leso aliyomfutia mkewe jasho mchana ule, bado mbichi.

Akaisokomeza.

Yule mtu akatabasamu. Meno yake nayo yalikuwa safi mno.

Ijumaa kutwa Sikio alifunga injini. Alijiandaa kukata vyuma, kuchomelea, kutukana. Hapakuwa na haja. Bolti ziliingia mashimo ambayo hazikutengenezewa, kama jino linavyorudi kwenye ufizi. Waya zikakubali. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amekaza bolti ya mwisho. Akashika ufunguo, akawasha.

Ikawaka mara moja. Laini.

Ndipo alipokumbuka leso.

Kusahau kitambaa kwenye mdomo wa injini ni kosa la wanagenzi, na lingetosha kuinyonga pale pale. Mbona imewaka? Alifungua bomba la hewa, akaingiza vidole. Hakuna leso. Hakuna hata uzi. Ndani palikuwa na unyevu kidogo, na harufu... Alinusa vidole. Haikuwa petroli. Ilikuwa harufu ya shingo ya mkewe.

Akachukua bisibisi. Ncha kwenye bloku, mpini sikioni.

Mpigo mmoja.

Wa pili.

Wa tatu...

Ukaruka.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wa mkewe, anayemuuguza, analia na kucheka kwa pamoja. "Shemeji! Njoo uone maajabu! Dada ameamka mwenyewe! Anaosha vyombo, ananifokea eti naosha sahani kama napaka mafuta!"

Nyuma ya sauti hiyo Sikio alimsikia mkewe, sauti ile aliyoikosa miezi mitatu: "Mwambie huyo mzee aje ale, magari hayaishi!"

Machozi yakamtoka. Nakuja, alisema, nakuja sasa hivi, na mkono ukaenda kwenye ufunguo kuzima gari.

Injini ikanyamaza.

Kwenye simu, sahani zikaanguka. Kelele. Halafu sauti ya mkewe, ndogo, ya mbali: "Mbona mmezima taa?"

"Taa zinawaka, dada! Dada! Shemeji, dada anaanguka!"

Sikio akageuza ufunguo kwa mikono miwili. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikashika.

Kwenye simu, mtu akavuta pumzi.

"Ah," mkewe alisema, "zimerudi."

Dokta alipofika, glavu mkononi, alimkuta fundi amekaa kwenye kiti cha dereva, kucha zimezama kwenye usukani.

"Hongera, fundi! Zima basi nifungue boneti."

"Haizimwi."

"Una wazimu? Zima."

"Dokta, isikilize kwanza. Nakuomba. Nakupigia magoti."

Dokta akacheka. Alitoa mfukoni kile kipimo chao cha masikioni, akakibandika kwenye bloku kama mtu anayewachekesha watoto. Akasikiliza. Kidole chake kikaanza kuhesabu hewani. Kikasimama. Akahesabu tena.

Kicheko kikamfia mdomoni.

"Huyu," alinong'ona, "namjua."

Hakugusa ufunguo. Aliondoka kwa miguu kwenda nyumbani kwa Sikio, na baada ya nusu saa akapiga simu.

"Mkeo amenifungulia mlango. Amenikaribisha chai. Nimempima."

"Moyo unapiga vizuri?"

"Sijasema unapiga vizuri. Nimesema nimempima. Kifuani sikusikia kitu, fundi. Hakuna kitu. Na mimi siwezi kupasua palipo patupu."

Gari lake hakulidai tena. Uwanja wa vyuma alikwenda kuutafuta yeye mwenyewe, akakuta nyasi, na tairi moja lenye joto kama la kiti alichotoka kukalia mtu.

Leo ni siku ya tisa. Petroli Sikio huimimina injini ikiwa inaunguruma, amebana pumzi cheche isiruke. Analala kwenye kiti cha dereva. Jioni mkewe huja na kikapu cha chakula, amenawiri, anaketi kiti cha pembeni.

"Baba, niambie ukweli," humtania, "huyu mke wa pili mwenye magurudumu amekupa nini?"

Yeye hucheka. Hajamwambia. Angemwambia nini?

Lakini fundi ni fundi. Petroli inaongezwa gari likiwaka. Oili chafu haimwagwi injini ikizunguka, na isipomwagwa injini hufa. Leo alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiona cheusi, kizito kama lami. Akachukua bisibisi.

Mpigo mmoja. Wa pili. Wa tatu. Ukaruka. Na chini yake, mbali sana, kitu kipya... ko... ko... ko... kama mtu anayegonga mlango kwa adabu.

Kando yake mkewe aliweka kijiko chini, akashika kifua, akakohoa.

"Vumbi tu hilo," alisema. "Kula, chakula kinapoa."