Sahihi Sitini za Alasiri Moja

Pacha wa Nyanjige alisimama juu ya meza ya Dokta Nakiete, urefu wake shibiri moja, ameumbwa kwa mwanga mtupu. Alivaa suti ya fedha ya wahandisi wa anga, nywele zimeanza mvi, kifuani ana nishani. Alitabasamu, akapunga mkono. Nyanjige mwenyewe, msichana wa mwaka wa tatu wa uhandisi mitambo, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, amenuna.

"Huyo ni wewe ukifika miaka arobaini," alisema Dokta Nakiete. "Umemwona?"

"Nimemwona, Dokta."

Mashine iliyomuumba pacha yule iliitwa kipimanjia. Ilikuwa akili unde iliyosoma kila daftari la mafunzo kwa vitendo na kila ripoti ya msimamizi iliyoandikwa katika Chuo cha Uhandisi cha Mtera Mpya kwa miaka thelathini. Mwanafunzi akiitwa na vituo viwili, kipimanjia kilimwonyesha atakavyokuwa akienda huku na atakavyokuwa akienda kule, kisha kikatoa asilimia. Ngazi ya Anga, kituo kinachopandisha mizigo hadi mwezini kwa waya mmoja, kilipata tisini na saba. Karakana ya pampu ya Migoli, ambako roboti za bwawani hupelekwa zikiharibika, ilipata arobaini na moja. Pacha wa Migoli alikuwa na ovaroli yenye grisi, na wala hakupunga mkono.

Sasa tatizo liko wapi? Dokta Nakiete, mkuu wa mafunzo kwa vitendo, alijiuliza hivyo kwa mara ya nne. Foleni mlangoni ilikuwa inarefuka. Nafasi zote mbili za Nyanjige zingefungwa saa sita kamili, na asiyechagua hurudia mwaka mzima. Ilikuwa saa tano na nusu, na binti bado anaangalia dari.

"Nyanjige, mwanangu, hebu nisaidie. Wenzako wanailia Ngazi ya Anga usiku na mchana. Wewe umewekewa mezani, unageuza uso. Mchagua jembe si mkulima, ujue."

"Sichagui jembe, Dokta. Nataka tu kujua, huko nitashika nini?"

"Utashika nini kivipi?"

"Kwa mikono. Nitafungua nini, nitafunga nini."

Dokta Nakiete alishusha pumzi, akakiuliza kipimanjia. Kikajibu kwa sauti yake laini ya mtangazaji wa redio: "Wanafunzi wote wa Ngazi ya Anga wamejifunza mengi."

"Mengi gani?" aliuliza Nyanjige.

"Mengi," kilirudia kipimanjia.

"Basi, umesikia!" Dokta Nakiete alipandisha sauti bila kukusudia. "Miaka thelathini ya ushahidi, mtoto! Wewe una nini cha kuipinga?"

Nyanjige alisema akiangalia mapaja yake.

"Kaka yangu Luhende alikwenda huko. Alipata alama tisini na nane za mafunzo."

"Si ndiyo hivyo! Sasa?"

"Wiki nane alisimama nyuma ya kioo, Dokta. Kugusa marufuku, mitambo ni ya thamani. Siku nyingine walimtuma chai. Alipomaliza, kwa zile alama zake, akaajiriwa bandari ya nchi kavu kusimamia winchi jiendeshi, zile zinazopakua makontena zenyewe. Siku moja winchi mojawapo ikakwama. Hakujua kwamba mgandamizo wa mafuta hutolewa kwanza, ndipo unafungua kifuniko. Nani angemwambia? Akafungua." Alijigusa kiwiko cha mkono wa kulia. "Ulikatwa kuanzia hapa."

Dokta Nakiete aliita faili ya Luhende, nayo ikafunguka hewani kati yao. Daftari lilikuwa na siku arobaini. Siku ya kwanza: Leo nimejifunza mengi. Siku ya pili: Leo nimejifunza mengi. Hivyo hivyo hadi mwisho, wino uleule, mwandiko umelalia upande uleule, maana liliandikwa lote kwa mkao mmoja. Nani asiyejua? Madaftari hujazwa wiki ya mwisho, bwenini, watu wakinakiliana. Na wasimamizi wa vituoni hutoa alama za juu kwa kila mtu, kwa sababu ni nani atake kumharibia mtoto wa mwenzake?

Chini kabisa palikuwa na maoni ya msimamizi wa chuo: Nilimtembelea kituoni. Anajituma, ana nidhamu. Sahihi ilikuwa ya Dokta Nakiete mwenyewe.

Aliikumbuka alasiri ile. Gari la chuo lilikuwa bovu, faili za wanafunzi wa Ngazi ya Anga zilikuwa sitini, na alizitia sahihi zote huku akitafuna karanga. Hakukanyaga kituoni hata mara moja. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo walivyofanya wote. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja ingekuja mashine ya kuwaamini.

"Futa ripoti hii," aliamuru.

"Ripoti yenye sahihi haifutwi," kilijibu kipimanjia. "Aliyeisaini anaweza kukiri kwamba ni ya uongo. Ungamo hupelekwa kwenye baraza la chuo."

Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Saa ilikuwa sita kasoro dakika tisa. Anayekwenda kinyume na kipimanjia alihitaji dole gumba la mhadhiri, naye alilibandika kwenye fomu ya Migoli bila kusubiri.

"Nenda ukashike pampu," alisema. "Na unisamehe. Mwambie na kaka yako."

Nyanjige aliinua uso. "Utakuja kunikagua, Dokta? Kweli kweli?"

"Nitakuja."

Binti alimtazama kwa muda, kama fundi anayejaribu bolti aone kama imekaza, kisha akachukua mkoba wake, akatoka.

Dokta Nakiete aliita zile faili sitini, akazikiri zote kwa mkupuo. Alijua anachokifanya, baraza lisingemchekea. Aligeuka kuangalia asilimia ya Ngazi ya Anga ikiporomoka.

Ilishuka hadi tisini na sita.

"Mbona moja tu?" alifoka.

"Zimebaki ripoti elfu moja mia nne na ishirini za wahadhiri wengine," kilisema kipimanjia. "Wote waliandika kwamba walitembelea."

Alipiga meza kwa kiganja mpaka kikamuuma. Mlango ukagongwa, akaingia mwanafunzi aliyefuata, kijana mrefu aitwaye Mgeta. Aliamkia vizuri, akakaa. Pacha wake wa suti ya fedha alikuwa ameshasimama mezani, anampungia.

"Tisini na sita!" alisema Mgeta, uso umemchanua.

Dokta Nakiete alimsimulia yote. Kioo, chai, mkono wa Luhende, karanga, sahihi sitini. Hakuficha lolote. Mgeta alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa masikitiko palipostahili.

"Pole sana, Dokta," alisema. "Sasa, Ngazi ya Anga nibonyeze wapi?"